Mwaka Mama Alipokwenda Ukweni kwa Maji

Mama yangu ni mtu wa Lemera, juu milimani, na ziwa hakuwahi kuliamini. Tunaishi Nyamianda, kando yake, na miaka yote alikula samaki wa ziwa hilo, mikeke, kwa raha zake na kufua nguo pembeni mwake, lakini kupanda mtumbwi, hapana. Kila likizo ya Pasaka baba alitupakia mimi na dada yangu, tukatweka tanga kwenda kijijini kwao, kusini ya Makobola. Mama alikwenda huko huko kwa miguu au juu ya lori, akiuza vikwembe, vitenge vya wanawake, nyumba kwa nyumba njiani, na akifika ana matope hadi magotini wakati sisi tumeshakula na kulala usingizi wa mchana.

Jambo hilo lilimgharimu. Katika ukoo wa baba, bi harusi huletwa kwa mtumbwi, na mama mkwe huingia majini kumpokea. Mama aliletwa na lori la muhogo, akashukia barabarani, na nyanya, yaani mama yake baba, hakutoka hata mlangoni. Tangu siku ile hakumwita mukamwana, mke wa mwanawe. Alimwita “ule wa mulima”. Hakumtukana wala kumnyima chakula, alimtendea kama mgeni mwenye heshima zake, mwaka baada ya mwaka, na mama aliona afadhali angetukanwa. Mimi nilikua nikiyaona hayo na nilimkasirikia nyanya kwelikweli, ingawa nilimpenda.

Miaka michache iliyopita ziwa lilianza kupanda. Likameza vichanja vya kuanikia ndagaa, kisha bustani, kisha, tangu Pasaka iliyopita, nyumba za pwani moja baada ya nyingine, ya nyanya ikiwemo. Akahamia kwa mpwa wake juu, karibu na barabara, na habari zilizotufikia zilikuwa za kikohozi na miguu kuvimba. Basi jioni moja kabla ya Pasaka, tukiwa mezani, mama akasema, “Mwaka huu minye nitapita mu maji.”

Baba aliacha tonge hewani. “Weye? Unajua kuogelea?”

“Sijue. Lakini mama yako iko anazeeka, na minye sijapokewa. Akifa mbele ya kunipokea, nani atanipokea tena?”

Baba akarudisha tonge kwenye sahani.

Tuliondoka asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, katika mtumbwi wa mbao wa baba mdogo wenye tanga la turubai la bluu. Mama alikuja ufukweni amefunga bido, dumu tupu la njano, mgongoni kwa kikwembe, kama mtu aliyembeba mtoto, ili likitokea la kutokea aelee. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama aliwasalimia mmoja mmoja, akawaambia anakwenda ukweni, kisha akaingia na kuketi sakafuni katikati, mkono mmoja kwenye ubao wa pembeni na mwingine kwenye rozari.

Baba ni mwalimu wa jiografia. Darasani, nasema hivi kwa mapenzi, ni mtu wa kukohoa na kutafuta chaki aliyoishika mkononi. Lakini ni mtoto wa wavuvi, na mpe kasia la nyuma uone. Alishika kasia kwa mkono wa kuume na kamba ya tanga kwa wa kushoto, akageuza shavu kuusikiliza upepo unaoshuka milimani asubuhi, na tanga likajaa bila kelele. Mtumbwi ukainua pua. Sijui kama kuna kitu kizuri zaidi ya kumwona baba yako akifanya kazi anayoiweza. Hakuwa na haraka, na kila alichogusa kilimtii.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na milima upande wetu wa kuume ilikuwa ya kijani hadi juu, mashamba ya muhogo yamening'inia mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili. Ng'ambo, Burundi ilikuwa mstari wa buluu tu. Dada yangu aliimba nyimbo zote za kwaya anazozijua, kisha akaanza upya. Tulipita Kalundu mama akiwa bado amefumba macho. Nilidhani atafika hivyo hivyo, kama gunia.

Manyunyu yalitupiga kidogo, yakaenda zake, na jua lilipotoka akafumbua macho. Akageuka kuangalia nchi kavu. Akaitazama muda mrefu hadi nikamuuliza kama anaumwa.

“Hapana,” alisema. “Minye nilizaliwa mu hii milima, lakini sikuiona yote mara moja.”

Akaanza kutuonyesha: kule ni njia ya kushukia, kule ni shamba la mteja wake, kule aliwahi kulala kwa watu wema mvua ilipomkatalia. Baba alisikiliza huku anatabasamu. Amepita mbele ya pwani hiyo maisha yake yote na hakuwa anajua hata nusu ya hayo. Nilifurahi siku hiyo kuliko Pasaka zote nilizowahi kupita majini, kwa sababu safari hii hatukumwacha mtu.

Saa nane tukaona kijiji, au mahali kilipokuwa. Michikichi miwili iliyokauka ilisimama ndani ya maji, na kipembe cha paa la kanisa dogo, na bati hapa na pale. Upepo sasa ulitoka ziwani na ulikuwa na nguvu. Watu wa pale siku hizi huzunguka mbali kuyakwepa magofu hayo, lakini baba alielekeza pua ya mtumbwi moja kwa moja, kama alivyofanya tangu utotoni, kwa kuwa ndipo ulipokuwa ufukwe kichwani mwake. Tukasikia mbao zinakwaruza. Mtumbwi ukasimama ghafla, ukainama, maji yakaingia, na dada yangu akaacha kuimba.

“Hapa hakuna jiwe,” baba alisema. “Hapa haijakuwa na jiwe hata siku moja.”

“Si jiwe,” mama akasema. “Ni ukuta ya fundi wa kinga, ule wa baiskeli. Uko unapita juu ya nyumba yake.”

Baba alimtazama. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa ameinua hata goti, alisimama. Alisimama ndani ya mtumbwi unaoyumba, bido mgongoni, akapima kwa macho michikichi na kipembe cha kanisa.

“Shusha tanga,” alisema. “Rudi nyuma kidogo. Sasa shika kushoto, iko njia ya kisima. Usiende kuume, kule iko choo ya katekista.”

Mwalimu wa jiografia alitii kila neno. Tulipita polepole katika vichochoro ambavyo mama alivikanyaga miaka ishirini na ushee akiwa na vikwembe kichwani, naye akavitaja kimoja kimoja, mlango wa nani, ua wa nani, na mtumbwi haukugusa kitu tena. Nilikuwa nachota maji kwa sufuria na machozi yananitoka kwa fahari. Nyumba ya nyanya tuliipita karibu kabisa, mama akiionyesha kwa kidole.

Ufukwe mpya ulikuwa shamba la zamani la mihogo. Nyanya alisimama pale, amekonda, ameegemea fimbo. Alituona tunakotokea. Akaingia majini hadi magotini, na mama akajiweka sawa, akafunga kilemba chake vizuri. Lakini nyanya hakunyoosha mkono. Alishika ubao wa mtumbwi.

“Nani amewapitisha pale?”

“Huyu,” baba alisema, akimwonyesha mama.

“Nyumba yangu umeiona?”

“Nimeiona, mama,” mama akajibu. “Tumepita nyuma ya jiko yako.”

Babu alizikwa nyuma ya jiko hilo, kabla mimi sijazaliwa. Nyanya aliyageukia maji. “Kila asubuhi nasalimia maji yote,” alisema. “Sijue mzee iko upande gani. Kila muntu ananionyesha pake.”

Akapanda mtumbwini na nguo zake zilizolowa, bila kumngoja mtu amsaidie. Mama, aliyekuwa amebakiza hatua moja kugusa udongo, akaketi tena, na baba akapiga kasia kurudi tulikotoka. Kwenye pembe ya jiko mama alimwambia asimame, akahesabu hatua kwa midomo tu, akaonyesha sehemu ya maji isiyo na tofauti yoyote na maji mengine.

“Hapa, mama. Kichwa iko upande wa mulima.”

Nyanya aliinama akatia kiganja majini, akakiacha humo. Mkono wa pili ukatafuta wa mama yangu, ukaupata.

“Mzee,” alisema, “nimekuletea mukamwana wetu. Ni yeye alijua njia.”

Mama akaachia ubao wa mtumbwi aliokuwa ameushika, akalia mbele yetu sote.