Mwanzi Nilionyang'anywa na Bwana Samaki

Hata leo nikimkumbuka yule afisa wa uvuvi tuliyemwita Bwana Samaki, damu inanichemka.

Uhuru ulikuwa bado mchanga. Mzungu mmoja aliyefanya kazi mgodini Macalder alikuwa anarudi kwao, akatandaza vyombo vyake uani viuzwe. Wenzangu waligombania sufuria na vitanda. Mimi, mshona nguo wa soko la Migori, niliona mwanzi wa kuvulia umeegemezwa ukutani, pete za kupitishia mshipi zikining'inia kwa nyuzi zilizooza. Tangu utotoni nilikuwa nimevua na baba katika Mto Kuja, kwa fito za kukata porini. Mwanzi kama huu sikuwahi kuushika. Ulikuwa vipande vyembamba sita vilivyogandishwa pamoja hata ukadhani ni kimoja, na ukiupinda ulirudi wenyewe.

"Huo ni wa mabwana," mpishi wake akaniambia. "Wewe chukua birika."

"Birika ninalo," nikamjibu, nikalipa.

Nilishughulika nao miezi mitatu. Vanishi iliyobabuka niliikwangua kwa kipande cha chupa, polepole, nisije nikauchuna mwanzi wenyewe. Mahali palipoachana, seremala jirani yangu alinichemshia gundi, akaniambia, "Nyamera, funga upesi kabla haijapoa." Sikuhitaji kuambiwa mara mbili, uzi ndio kazi yangu. Nilichukua hariri nyekundu iliyobaki kwenye gauni la arusi, nikazifunga pete moja moja, mizunguko imebanana bila pengo. Kisha vanishi, msasa, vanishi tena.

Nikaenda nao Homa Bay kwa dada yangu. Sijatupa ndoana ziwani mara tano, Bwana Samaki akanisimamia kichwani.

"Mama, huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Wa mume wako?"

"Mume wangu hata kufunga ndoana hajui. Ni wangu."

Akacheka. "Chombo cha Mzungu kwa mama wa soko? Lete risiti."

Risiti! Nani aliyeuza vyombo uani akaandika risiti? Akauchukua, eti mpaka uchunguzi ukamilike. Yule Mzungu aliyeniuzia hakuniuliza ninautakia nini. Aliyeniona mwizi ni mtu wa kwetu, ambaye juzi tu tulipiga makofi pamoja bendera ikipanda.

Nilirudi Homa Bay mara mbili. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Uchunguzi unaendelea." Safari ya tatu nilikwenda na yule mpishi awe shahidi. Alikubali bila kusitasita. Nadhani aliona aibu kwa lile neno la birika.

Ofisini karani akatuambia, "Mkubwa ameshuka ziwani."

Tulimkuta gatini, amekaa juu ya sanduku, ameshika mwanzi wangu. Ncha ilikuwa imevunjika, naye ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Mpira wa baiskeli, juu ya hariri yangu!

"Ndio uchunguzi wenyewe huu?" nikamuuliza.

"Mama, nilikuwa naujaribu tu."

"Umeujaribu mpaka ukauvunja!"

Mpishi akasema kwa sauti kubwa, "Nilikuwepo akiununua. Niulize mimi." Akina mama waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, wakaacha kazi yao. Mmoja akapaza sauti, "Mpe mwenzetu kitu chake!" Nilishika mpini nikavuta. Akaachilia.

Njia nzima nililia, na si kwa huzuni. Nililia kwa sababu nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalinijia baada ya kuondoka pale.

Seremala alinichongea ncha nyingine kwa mwanzi wa kawaida. Ni nzito kidogo, na mwanzi haurudi kama zamani, lakini nimevulia wengi wa wale samaki wa Mto Kuja tunaowaita fuani. Bwana Samaki hakuniomba radhi. Baadaye nilisikia amepandishwa cheo na kuhamishiwa mjini, na walimfanyia karamu ya kumuaga.