Cheti cha Kambi na Machela ya Kilima

Siku ya kwanza kazini nilipewa sururu, sepetu na karatasi. Sururu na sepetu nilivijua. Karatasi sikuielewa, maana niliishia darasa la pili, nikamwuliza karani. Akasema, "Hiki ni cheti cha matibabu. Ukiugua wewe, mkeo au mwanao, lori la kambi linawapeleka hospitali ya misheni, na mwajiri anagharamia." Nikakikunja, nikakitia mfukoni, nikajiona mtu.

Kazi yetu ilikuwa kutunza kipande cha barabara ya udongo kati ya Ngara na Biharamulo. Siku hizi mnaona greda likipita, mnadhani barabara hujitengeneza. Sisi tuliitengeneza kwa mikono. Barabara ya udongo lazima iwe na mgongo: katikati juu, pembeni chini, maji yakimbilie mferejini. Mgongo ukilala, mvua moja tu, lori linazama hadi ekseli. Nilijifunza kuupima kwa jicho, na haukupita muda nikawa nyapara wa genge, mimi huyu wa darasa la pili.

Juu yangu alikuwa Fundi Mkuu, mtu wa pwani, mkali lakini si mwonevu. Ugomvi wetu ulitokana na machela.

Kwetu Kirushya kila kilima kilikuwa na chama cha machela. Machela yetu, ingobyi, ni kikapu kirefu cha kusuka kilichofungwa kwenye miti miwili. Mgonjwa analala ndani, wanaume wanne wanabeba, wengine wanafuata wakipokezana. Ngoma ikilia unaacha jembe unakwenda. Asiyebeba habebwi. Hata tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari, chama kilihama nasi.

Mara tatu niliacha kazi kwenda kubeba. Mara ya tatu Fundi Mkuu aliningoja kwenye kalvati.

"Nyapara, unatoka wapi?"

"Kubeba mgonjwa, bwana."

"Kwani wewe ndiwe gari la wagonjwa?" Genge likacheka. "Una cheti, una lori. Wale wana nini? Chagua. Ukitoroka tena, unyapara basi, na cheti nakichukua."

Nikachagua cheti. Jumapili baada ya misa nikamwambia Mzee Bitaho, mkuu wa machela, kwamba natoka.

"Mwanangu," akasema, "lori lina magurudumu. Linaweza kwenda hata mbali nawe."

"Mzee, mabega yenu yanachoka. Injini haichoki." Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtu mzima.

Vikaja vita. Malori yakachukuliwa kubeba askari na chakula chao, kambi ikabaki na mapipa matupu. Asubuhi moja mke wangu Adela akashikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya. Jua lilipopanda mkunga alitoka nje akifuta mikono. "Huyu ni wa hospitali, na ni sasa hivi."

Nikakimbia kambini na cheti. Karani akakisoma, akanirudishia. "Cheti ni kizima, nyapara. Lori ndilo halipo."

Nikaenda kwa Mzee Bitaho. Walikuwa wakikamua ndizi za pombe. Nikapiga magoti mbele yao wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Injini imechoka?"

Watu wakaangua kicheko. Sikuinuka. "Adela anakufa, mzee."

Kicheko kikakatika. Mzee akasimama. "Adela hakutoka kwenye chama. Amewapikia wagonjwa wetu uji hata baada ya wewe kutukimbia. Leteni machela!"

Wakambeba. Kila nilipoingiza bega walinisukuma, maana aliyetoka habebi mpaka apokewe upya. Nikafuata nyuma na kikapu cha nguo, kwenye barabara niliyoipa mgongo mwenyewe, wenzangu wakitokwa jasho kwa ajili ya mke wangu. Hospitali wakampasua, akapona yeye na mtoto. Na gharama ilibebwa na cheti. Siwezi kusema uongo.

Nikamwendea Fundi Mkuu. "Bwana, twaa unyapara. Ngoma ikilia nitakwenda, na saa hizo nitazifidia."

"Utashika sururu tena, chini ya watu uliowafundisha?"

"Nitashika."

Akasema, "Cheti kaa nacho. Unyapara nampa mwingine."

Chama nacho kilinipokea kwa mtungi wa pombe na adhabu: mwaka mzima kubeba upande wa nyuma, ambao mkipanda mlima ndio unaokula bega. Nilibeba. Sururu niliishika mpaka nastaafu, na siku niliyostaafu cheti kikafa.

Vijana mnaoajiriwa mnaniuliza: bima ya mwajiri, au nijikatie yangu? Ya mwajiri pokea, anayeikataa ni mjinga. Ila ujue ni mali ya kazi. Ya kwako ianze ukiwa mzima, kwa fedha au kwa bega, maana aliyekwisha kulala chini hajiungi na chama chochote. Mimi niliokolewa na uji wa Adela. Ninyi msitegemee kwamba nanyi mtaoa vizuri kama mimi.