Njia ya Skuli Kutoka Malindi

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini alasiri, hapa Ibra, Omani, nilipofunga kitabu cha maisha ya mwandishi mmoja wa Ireland na kushindwa kukaa kitini. Nimejisomea habari zake miaka mingi bila mwalimu. Aliuhama mji wake akiwa kijana, akafundisha lugha ugenini, akahama nyumba hadi nyumba. Wachapishaji walimkataa, macho yakamsumbua hadi akapasuliwa mara kadhaa. Na muda wote huo hakuandika mji mwingine ila ule alioukimbia, mtaa kwa mtaa, duka kwa duka. Miaka yake ya mwisho hakurudi hata kuutazama.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyanyua. Mama yangu naye aliondoka Unguja akiwa msichana wa skuli, hajarudi, na daktari ametwambia presha ya macho itamaliza nuru iliyobaki. Kabla ya magharibi nilikwishanunua tiketi mbili za Unguja, zile za bei nafuu zisizorejeshwa, bila kumwuliza. Asubuhi nikashika njia ya Sur. Mama anakaa Aija, mtaa wa huko Sur, kwa dada yangu. Bidiya nilisimama kunywa chai, nikaiacha nusu. Al Kamil sikusimama.

Nilikuwa na mpango. Tuchore kwanza njia yake ya skuli kutoka kwao, mtaa wa Malindi wa Unguja mjini, kisha twende tukaihakikishe. Mwandishi yule naye aliwauliza kwa barua jamaa aliowaacha nyuma habari za kuta na ngazi za mji wake. Nilimwamkia mama, nikambusu kichwa, nikafungua picha ya mji iliyopigwa kutoka angani.

Alianza vizuri. Ukitoka mlangoni, alisema, barazani yupo bibi muuza bajia, unamwamkia. Mbele yupo fundi cherehani, unamwamkia, naye hakuachi mpaka akuulize hali ya babako. Nikamkatiza: kushoto au kulia? Akamrudia fundi. Nikamwomba kwa adabu watu tuwaweke kando, tupate vichochoro kwanza.

Nikampitisha mwenyewe juu ya picha, na kila nilipomwuliza alisema hajui, mpaka nikaingiwa na hofu kwamba amesahau kila kitu. Dada alileta halua na kahawa, akanicheka kwamba nampima mama kama kiwanja.

"Huyo Mzungu wako," mama akaniuliza, "kwao hawaamkiani?"

Nikasema wanaamkiana, vitabu vyake vimejaa watu wanaosalimiana njiani.

"Basi ndiyo hivyo. Ukimpita mtu hujamwamkia, habari inafika nyumbani kabla yako. Nikenda sasa, mwanangu, nitamwamkia nani?"

Nikamwonyesha tiketi. Nikamtajia macho yake, nikamtajia milango ya kwao, nikasema tutakuja kujuta. Akanishika mkono, akasema anaowaona akifumba macho wanamtosha, na hataki kwenda kuwafuta. Kisha akaendelea na fundi wake, akapita kwa muuza kahawa, akapita kwa mwalimu wa chuoni aliyemsomesha Kurani, na sikuuliza tena kushoto wala kulia. Alipofika skuli, kahawa ilikwishapoa.

Niliporudi Ibra nilimpigia simu wakala kufuta safari. Kilichorudi ni kodi za uwanja wa ndege tu. Hasara ni riali mia mbili na kumi na nne.