Roketi ya mkwe wangu, tundu la swichi na kanga niliyotundika mlangoni

Wakuu, bibi yenu wa Bondeni, Kyela, nawasalimu, mliolala salama na mliokesha humu.

Nachapa kwa kidole kimoja, mnivumilie. Chumvi siongezi, yaliyotokea ndiyo haya.

Ni miaka ile ya ruksa ya biashara, redio na mitumba vinamiminika mpakani Kasumulu kama mvua ya kwetu.

Mkwe wangu Tupokigwe, mke wa mwanangu, ni mwalimu wa fizikia. Kaka yake akamletea kutoka Afrika Kusini roketi ya kujiundia. Msicheke, roketi kweli! Ndefu kunizidi, injini moja tu, na wanafunzi wameshaahidiwa: Jumamosi, ufukweni Matema.

Sasa katikati kuna chumba cha betri. Bomba dogo la karatasi ngumu linaingia ndani ya bomba kubwa, swichi iko humo. Unaiwasha dakika ya mwisho, kwa bisibisi, kupitia katundu. Ukiwahi kuiwasha, baruti ya kufyatulia parachuti inaweza kukuunguza. Usipoiwasha, parachuti haifunguki, roketi inashuka kama jiwe.

Mwenye keke ya kutobolea ni mzee wangu, mume wangu, seremala.

Hapo ndipo shughuli. Kwa sisi Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso wala hawasemeshani. Akipita huyu, yule anajificha.

Basi bomba kubwa akalitoboa mzee karakana. Dogo akalitoboa mkwe jikoni, kwa msumari aliopasha moto. Mjumbe mimi.

Kumbe mzee kapima kuanzia juu, mkwe kapima kuanzia chini! Kuunganisha, tundu la nje linatazama Malawi kule chini, la ndani linatazama Tukuyu kule mlimani.

"Mama, mwambie baba kashusha mno."

"Mwambie mkwe, yeye ndiye kapandisha!"

Nimezunguka uwanja, karakana na jikoni, mpaka kandambili ikakatika.

Ijumaa mkwe akakaa chini, machozi yanamlenga. "Mama, laiti tungeshika wote kwa pamoja."

Nikavua kanga ya mabegani, nikaitundika mlangoni pa karakana, mzee ndani, mkwe nje. Matundu ya zamani tukaziba kwa gundi na vumbi la mbao. Bomba dogo ndani ya kubwa, nikayalaza kwenye kigoda chini ya kanga, nusu kwa mzee, nusu kwa mkwe.

"Mwambie mkwe asukume kidogo."

"Sukuma kidogo," nasema, na mwenzangu kashasukuma!

"Mwambie baba hapohapo."

"Hapohapo!"

Keke ikapita mabomba yote mawili kwa mkupuo. Mkwe akachora mstari wa penseli kwenye maungio, yasikae kombo tena. Bisibisi ikaingia mpaka kwenye swichi. Nikapiga kigelegele.

Jumamosi swichi ikalia pii, pii. Roketi hiyoo! Kina mama wa soko la vyungu la Lyulilo, pale jirani, wakaacha vyungu vyao. Parachuti ikafunguka, nyekundu, upepo ukaichukua.

Mkwe anaikimbilia macho juu. Mzee, aliyejibanza nyuma ya mitumbwi, naye anaikimbilia macho juu.

Nusura wagongane!

Mzee kumwona tu, akaingia ziwani na viatu na koti la mtumba. Mkwe akajigubika kanga.

Maji kiunoni, mzee kampa kila mtu mgongo, analiuliza ziwa: "Tundu lilikaa sawa?"

Sijafungua mdomo, mkwe akajibu mwenyewe kutoka ndani ya kanga: "Lilikaa sawa, baba. Ndaga fijo."

Asante ya kwanza kumfikia mzee bila kupitia kwangu, tangu mkwe aolewe. Mzee akakataa kutoka majini, eti maji matamu.

Nilichojifunza wakuu: matundu yanayotakiwa kuonana, yatoboe kwa pamoja. Na wasiotakiwa kuonana, watundikie kanga, kazi iendelee.

Je, kwenu wakwe wanaonana? Na kama kuna mrusha roketi humu, aseme tulikosea wapi. Nipo, naota jua.