Samoni Aliyepakwa Unga

Eunan Bonner alijenga kuta za mawe kwa miaka arobaini na mitano, na kuta zake bado zimesimama, lakini ukimuuliza mtu wa bonde letu la Glenasra habari zake, hatakuambia neno juu ya kuta. Atakuambia juu ya samaki. Kijito chetu wakati wa jua unakiruka bila kulowa kiatu. Mvua ikinyesha siku mbili kule mlimani, samoni hupanda kutoka baharini hadi huku kwetu, wakipita kwenye maji ya kufika gotini, na samaki wadogo waitwao trauti wako chini ya kingo mwaka mzima. Eunan alikijua kijito hicho chote. Alikuwa akisimama darajani, anatazama yale maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, anasema, "Yupo nyuma ya jiwe la pili. Jike. Ratili nane." Ukishuka kuangalia unamkuta, jike, nyuma ya jiwe la pili. Watu walipobishana kuhusu samaki, yeye ndiye aliyeamua.

Hakuwa mwamuzi mpole, tusidanganyane. Mtu huyo alikuwa na ulimi.

Sasa, kuna jambo moja ambalo kwetu halina msamaha. Samoni wakishataga mayai yao kwenye changarawe wakati wa baridi, wale wasiokufa hujikokota kurudi baharini ifikapo majira ya kuchipua, matumbo matupu, wamebaki kichwa na mifupa. Hao tunawaita wachovu. Mchovu hauawi. Sheria inakataza, ndiyo, lakini hata sheria isingekuwepo, yule ni mzazi anayekwenda zake, na nyama yake imepauka, haina maana hata kwa paka. Taabu ni kwamba ikifika Machi mchovu huanza kung'aa tena, mweupe kama bati jipya, na mgeni anaweza kumdhania samoni mbichi aliyetoka baharini jana. Mgeni, nasema. Mtu wa Glenasra akikosea hapo, afadhali ahame.

Condy Gildea, fundi wetu wa baiskeli, alikosea hapo miaka ishirini iliyopita. Aliingia baa na samaki kwenye gazeti, uso wote meno. Eunan akamfungua yule samaki mbele ya watu, akainua matamvua kwa kidole, akaonyesha vijidudu vyeupe vilivyojaa mle ndani, alama ya mchovu.

"Bwana Condy," akasema, "umemuua bibi yako akitoka hospitali."

Watu walicheka hadi wakashika meza. Eunan hakutosheka na hilo. Alimvua Condy kofia, akamvika samaki, akamtundika samaki huyo mlangoni ili kila anayeingia amsalimie. Tangu siku hiyo jina likawa Condy Mchovu. Walimwita hivyo hata harusini kwa binti yake, mbele ya wakwe. Condy hakugombana na mtu. Aliuza tu ufito wake wa kuvulia, na hakuonekana tena kijitoni.

Mwaka huu, mwezi Januari, Manus Rodgers alifariki. Manus na Eunan walikaa dawati moja shuleni, wakavua pamoja maisha yao yote. Na desturi ya kwetu ni kwamba samoni wa kwanza wa mwaka hupelekwa nyumba iliyofiwa wakati wa baridi. Aliyemvua humpeleka mwenyewe, mzima mzima, na hukaa akamla pamoja na wafiwa. Eunan aliapa kwamba samaki huyo atatoka mkononi mwake na si kwa mtu mwingine. Kila alfajiri alikuwa kijitoni, na miaka sabini ilikuwa inambishia hodi.

Lakini kulikuwa na siri. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Kwa mwaka mzima alikuwa akisimama darajani na kutaja samaki kwa kukumbuka tu mahali wanapopenda kulala, na kwa bahati alikuwa akipatia. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Eunan Bonner asiyeona samaki ni nani? Ni mzee mmoja tu mwenye mikono migumu.

Jumanne ya wiki ya pili ya Machi, maji yakiwa yanapungua baada ya mvua, mshipi wake ukakaza kwenye shimo la maji lililo chini ya kinu cha kusagia nafaka. Samaki alivuta kwa uzito, akazunguka mara mbili, akaja. Alikuja upesi mno. Eunan alilijua hilo. Samoni mbichi angempeleka mbio hadi darajani. Alijiambia kwamba maji ni ya baridi, samaki naye anasikia baridi. Akamkokota hadi kwenye nyasi, akainama karibu kabisa. Mweupe, anang'aa. Ubavuni aliona vidoa vyeusi, akajiambia ni chawa wa bahari, alama ya samaki aliyetoka baharini juzi tu. Alimpapasa, lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alipomwinua alimwona mwepesi kwa urefu ule, na hata hapo moyo wake ulimpigia kengele. Akaupuuza. Alimpiga rungu la kichwa, akamtia kwenye mfuko, akaenda moja kwa moja kwa mjane wa rafiki yake, bila kupita kwa mtu yeyote mwenye macho.

Mtu mwenye macho alikuwa huko huko. Nábla, mjane wa Manus, ni dada wa Condy, na Condy alikuwa jikoni kwake akirekebisha mlango wa jiko.

"Shemeji," Eunan akasema, "nimemletea Manus samaki wake."

Nábla alisimama akajifuta mikono. Alikuwa amekonda, gauni linaning'inia mabegani. Alimtazama yule samaki mezani, kisha akajishika mdomo, machozi yakimfunga macho. "Yeye aliniambia ni wewe utakayemleta," akasema. "Alisema hivyo kitandani. Kaa, Eunan. Kaa hapo kwenye kiti chake."

Condy akasogea. Akainama juu ya meza, akatazama kwa muda. Eunan alimwona kama kivuli tu kilichoinama.

"Eeh, bwana Condy," Eunan akasema, maana furaha ilikuwa imempanda na ulimi wake nao ukapanda, "tazama vizuri ujifunze. Huyo ndiye samoni."

"Naona," Condy akasema. "Samaki mzuri sana. Nitamsafisha mimi. Dada, keti."

Akamchukua samaki hadi bombani nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Eunan akamsimulia Nábla jinsi alivyomvuta, akaongeza mbio mbili ambazo samaki hakuzikimbia. Nábla alicheka. Alicheka hadi akashtuka mwenyewe, kwa kuwa hakuwa amecheka tangu mazishi. Condy aliporudi, vipande vilikuwa tayari kwenye sahani, vimefunikwa kitambaa. Alishika kikaango mwenyewe, akatia siagi nyingi, kitunguu kingi, chumvi bila huruma. Kisha Eunan akamsikia akifungua mfuko wa unga.

"Unafanya nini?" akauliza. "Samoni wa kwanza hapakwi unga, Condy. Unga ni wa samaki wa dukani. Siku moja utatuaibisha wote."

"Mimi sijui samaki," Condy akajibu. "Wewe mwenyewe ulishasema."

Wakapewa sahani. Eunan akatia kipande kinywani.

Kilikuwa kama pamba iliyolowa. Hakina mafuta, kina ladha ya tope, na hiyo chumvi yote haikuweza kuificha. Alikuwa amekula samoni wa kijito hicho maisha yake yote. Ulimi ulijua kabla yeye hajakubali kujua. Damu ilimpanda usoni, masikio yakamwaka, na kile kipande kikakataa kushuka. Akageuza uso kumtafuta Condy. Condy alikuwa ameinamia sahani, anakula taratibu.

"Ana ladha?" Nábla akauliza. "Niambieni kweli. Tangu Manus aondoke mimi sisikii ladha ya kitu. Natafuna tu. Lakini huyu nataka kumla wote."

"Anayo," Condy akasema. "Niongezee kipande, dada."

Akaongezwa. Akala na hicho. Eunan alimeza kile chake kwa maji, akakatakata kilichobaki, akakila pia, hadi mwisho, kwa sababu hakuna aliyeacha kitu sahanini kwenye meza ile. Alitaka ardhi ipasuke. Akakumbuka ile kofia juu ya kichwa cha samaki, na vicheko, na namna Condy alivyosimama mle baa bila kofia, hajui aweke wapi mikono yake.

Siku nne hakutoka nje. Jumapili akaenda kanisani kwa kuwa asingeenda wangekuja kumwangalia. Baada ya misa watu walimzunguka uani. Huyu anampa mkono, yule anampigapiga begani. Habari zilikuwa zimeenea bonde zima kwamba mzee Bonner bado ni yule yule. Kila mkono ulimuunguza. Akamtafuta Condy, akamvuta hadi nyuma ya ukuta.

"Nitawaambia," akasema. "Leo, hapa hapa. Kwamba nilimuua mchovu, kwamba sioni, na kwamba wewe ulinifichia. Nilikutenda vibaya, Condy. Miaka ishirini. Ninaona haya hata kukuangalia."

"Kuniangalia kwenyewe huwezi," Condy akasema, wala hakuwa anatania. "Na nani kakuambia nilikufichia wewe? Nilipomwinua matamvua pale bombani, nilitaka kurudi naye ndani nimlaze mbele yako. Haki ya Mungu, nilishafika mlangoni. Nikamsikia dada yangu anacheka."

Eunan akaegemea ukuta.

"Tangu mazishi anaishi kwa chai," Condy akaendelea. "Siku ile alikula. Kesho yake akaamka akapika uji, akala tena. Anawaambia watu Manus aliletewa samoni wa kwanza. Sasa wewe umechoka kubeba aibu yako, unataka ukamwambie alilishwa uchafu kwenye meza ya marehemu ili wewe upate kulala. Sivyo?"

"Sikufikiria hivyo."

"Hukufikiria. Basi fikiria. Hiyo utaibeba mwenyewe."

Nábla alikuwa tayari anakuja. Eunan aliona koti jeusi tu na weupe wa uso, lakini mkono ulipomshika kiwiko akaujua. Nábla akamrudisha katikati ya watu kama anayemrudisha bwana harusi.

"Huyu hapa," akawaambia. "Mimi kueleza siwezi. Waambie mwenyewe, Eunan. Waambie samaki alivyokuwa."

Wakasogea wamsikilize. Eunan akasema samaki huyo alikuwa dume la ratili kumi, kifua kipana, na chawa wa bahari bado wamemng'ang'ania ubavuni. Akasema alimpeleka mbio hadi darajani na kurudi. Akasema nyama yake ilikuwa nyekundu hadi kwenye mfupa. Kila alipofika mwisho mtu akamuuliza jingine, naye akajibu, na Nábla akamshika kiwiko kwa nguvu zaidi. Condy alisimama pembeni, akiitikia kwa kichwa, uongo mmoja baada ya mwingine.