Mwanamke Havai Lipiko

Mtaani kwetu Likombe hakuna aliyebangua korosho akamshinda mama yangu, na hili silisemi kwa sababu ni mama yangu. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulipoanza kuangusha korosho, nilijua kuna jambo. Mimi ni muuguzi, tena mjuaji, nikaamua ni kiharusi. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe. Tukapelekwa Dar es Salaam, hospitali wakakata kipande kidogo wakakipima, wakasema ni kansa ya ubongo, ile aina kali.

Daktari hakutuzungusha. Alisema haitapona. Kwa umri wa mama, sabini na kitu, hawatampa mionzi ya wiki sita kama wanavyowapa vijana, maana mwili ungechoka bure. Watampa wiki tatu, siku kumi na tano, na ikimkubali atapata miezi kadhaa akiwa na akili zake na mkono wake. Bila mionzi, ni wiki chache tu. Mama akauliza kama miezi hiyo inafika msimu wa korosho. Daktari akasema huenda.

"Basi nipeni," akasema.

Shida ikaja kesho yake. Wakati wa mionzi kichwa hakitakiwi kutikisika hata kidogo, kwa hiyo kila mgonjwa hutengenezewa sura yake ya plastiki. Wanailainisha kwenye maji ya moto, wanakulaza, wanaibandika usoni mpaka ishike pua na kidevu, kisha inabanwa kitandani. Mtaalamu wa mionzi, dada mmoja mpole wa kutoka bara, alimwonyesha mama sura moja ya mfano. Mama akainuka, akaanza kutafuta kanga yake.

"Mwanamke havai lipiko," akasema.

Lipiko ni kinyago wanachovaa wanaume wa Kimakonde wakicheza ngoma ya jando. Wanawake huambiwa kwamba aliyemo si mtu, ni mzimu, nao hukimbia wakipiga mayowe. Kwa mama kuligusa tu ni mwiko, sembuse kulivaa.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia ile ni plastiki, na kwamba ushamba ndio utakaomuua, si uvimbe. Neno hilo linanitia aibu mpaka leo. Alimgeukia yule dada, akamuuliza mgonjwa akishavaa watu wanamjuaje aliyemo. Dada akasema wanaandika jina pale kwenye paji, kwa kalamu isiyofutika, wasije wakampa mtu mionzi ya mwenzake.

Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana wa pili ulishaanza kulegea.

"Lipiko halina jina la mtu," akaniambia. "Hili lina langu. Halafu wewe unadhani tulikuwa hatujui? Mimi kaka yangu nilikuwa namtambua kwa miguu. Tulikimbia kwa adabu tu."

Akalala kitandani mwenyewe.

Tulifikia kwa ndugu Mbagala, na kila asubuhi alioga, akajifunga kanga safi kama anayekwenda harusini. Alitapika, nywele zikamtoka upande mmoja, siku nyingine nilimshika kiuno mpaka mlango wa chumba cha mionzi. Mle ndani hakutikisika hata mara moja. Yule dada aliniambia kuna vijana wenye misuli wanaopiga kelele wafunguliwe. Nilivimba kichwa kana kwamba niliyelala pale ni mimi.

Msimu ulimkuta hai, na alibangua kwa mikono miwili. Alikuja kufariki katikati ya mvua. Lakini kabla ya hapo wajomba zangu walikuja kutoka Msimbati kumpa pole, wakaketi mkekani na nyuso za msiba. Mama akanituma nilete ile sura, ambayo hospitali walimwachia. Nilisita. Wale ni wazee waliocheza lipiko ujanani, na sikujua watalipokeaje jambo hili. Mama akaiweka mbele yao, jina lake juu.

"Nyinyi mlivaa kwa zamu, na ngoma iliwatia moyo," akawaambia. "Mimi nimevaa siku kumi na tano, bila ngoma."

Mjomba mkubwa akavua kofia yake, akaipokea ile sura kwa mikono miwili.