Hakuna Aliyewatuma

Mwaka 1978, mvua za Oktoba zikiwa zimeshika, ukuta wa nyuma wa nyumba ya Joséphine ulilala chini. Haukuanguka kwa kishindo. Ulijilaza polepole kama ng'ombe mzee, na asubuhi Kanyere, jirani yake, alipochungulia upande wa pili wa ua, aliona kitanda cha mwenzake kikitazama migomba.

Kanyere alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Butembo, aliyefika Bunia na mumewe muuza vitambaa akabaki hata baada ya kumzika. Mtaa wa Lumumba ulimjua kwa mikate yake ya mafuta na kwa ulimi usiozunguka. Joséphine alikuwa mtu wa Ituri tangu mababu, wa familia za ng'ombe. Hawakuwa na udugu. Kilichowaunganisha ni ua wa matete wenye tundu, ambalo kila mwaka mmoja wao alisema ataliziba.

Macho ya Joséphine yalikuwa yamezimika zamani, lakini katika kiwanja chake alitembea bila fimbo. Kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kwenye mparachichi, nyayo zake zilijua kila kisiki. Mgeni angeweza kukaa naye nusu siku asitambue kwamba haoni.

Mwanawe, Baudouin, alifanya biashara katika mji wa mbali wa Ariwara. Alikuwa mtoto mwema, na wema wake ndio uliokuwa taabu: siku nyingi alitaka kumhamishia mama yake huko. Habari za ukuta zilimfikia kupitia dereva wa lori, na jibu likarudi kwa dereva huyohuyo. Angekuja Jumapili kumchukua.

Joséphine alimweleza Kanyere jambo hilo bila kulia.

“Hapa mi si kipofu, Kanyere,” alisema. “Ni kule Ariwara nitakuwa kipofu.”

Kanyere akajibu, kabla hajafikiri, kwamba Jumapili Baudouin ataukuta ukuta umesimama.

Ukuta wa fito na udongo hauhitaji fundi mkubwa. Unahitaji mikono mingi kwa mara moja: wa kuteka maji, wa kukanyaga udongo, wa kufunga fito, wa kukandika. Vijana walijaa mtaani. Ila miaka ile kukusanya vijana bila Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, kujua halikuwa jambo dogo, kwa hiyo Kanyere alikwenda kwanza kwa chef, mkuu wa mtaa. Yule mzee hakuona ubaya. Akamwambia arahisishe mambo: kesho alfajiri agonge jante.

Jante hiyo ilikuwa chuma cha gurudumu la lori, kilichoning'inizwa mbele ya nyumba ya chef. Kiligongwa siku ya posho, yaani Jumamosi, kuwaita watu kwenye salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mifereji na kufyeka majani. Majina yalisomwa, na asiyeitika alilipa faini au alilala ndani.

Alhamisi Kanyere aligonga jante kwa nguvu zake zote, akijiona mwerevu. Mtaa ukahama. Kwa kuwa haikuwa siku ya posho, watu walidhani pamezuka kubwa zaidi, labda mkubwa fulani anatua na barabara nzima inatakiwa ifagiliwe. Vijana walikatiza migombani, wengine hawakuonekana hadi jua lilipopanda. Paluku, mwana wa Kanyere mwenyewe, alitokea dirishani akaacha kandambili moja. Waliofika ni wazee wachache wenye majembe na usingizi. Waliuliza nani atasoma majina. Walipoambiwa hakuna, wakarudi kwao.

Jioni njaa ilimrudisha Paluku.

“Weye unakimbia mamako?”

“Sikukimbia weye, mama. Nilikimbia jante.”

Kanyere alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Halafu Paluku, akila, akamweleza jambo ambalo yeye mama hakuwa amelipima. Kwenye salongo mtu huenda ili aonekane. Jembe hushuka pale jicho la chef linapopita, likishapita jembe nalo hupumzika. Hakuna aliyewahi kuambiwa tafadhali. Tangu awe kijana, Paluku alisema, ameitwa, amehesabiwa, ametumwa. Kuombwa, bado.

Ijumaa jioni Kanyere alimshika Joséphine mkono wakaenda kwenye uwanja wa mpira, vijana walipokuwa wakipumzika baada ya mazoezi na wasichana wamekaa pembeni wakiwatania. Kanyere alikuwa ameandaa maneno mazito kuhusu taifa na vijana kuwa nguzo zake. Alipofungua kinywa, Joséphine akamfinya kiganja. Ukuta ulikuwa wake, alisema, na wa kuomba ni yeye.

“Mi ni Joséphine,” akawaambia. “Ukuta yangu ilianguka. Mutoto wangu anakuja dimanche kunibeba Ariwara, na mi sipendi kwenda. Pombe sina. Chakula ni maharagi ya Kanyere. Minaomba munisaidie kesho. Mwenye hawezi, aseme tu, nitamupa aksanti vile vile.”

Eugène, mlinda mlango, ambaye hakuna aliyemshinda kwa mdomo, akataka kupima kina cha maji, akimwita koko, yaani bibi.

“Na majina, koko? Nani atasoma majina?”

“Mutoto, mi sioni. Nitasoma nini?”

Uwanja mzima ulicheka, Eugène pia. Lakini kicheko kilipokwisha alisema yeye hataweza, ana makaa ya mjomba wake ya kupeleka sokoni. Kanyere alikuwa na neno la kumjibu, tena lenye pilipili. Joséphine alimwahi.

“Aksanti, mutoto. Salimia nyumbani.”

Ilisemwa bila kinyongo, na kila mtu aliisikia. Wengine kadhaa nao walijitoa, kila mmoja na sababu yake, na kila mmoja alipewa aksanti ileile na salamu za nyumbani. Kanyere alisimama ameuma midomo. Kuwaacha watu wakatae lilikuwa somo gumu kwake kuliko kukanyaga udongo. Waliobaki walibaki wakijua kwamba wangeweza kuondoka.

Kesho yake asubuhi ilikuwa salongo, na hakuna aliyethubutu kukosa. Vijana walisafisha mifereji kwa uvivu wa kawaida, wakaitika majina. Kisha, majembe yaleyale mabegani, walikuja kwa Joséphine. Kanyere alishindwa kuamini kwamba ni watu walewale. Wasichana, wakiongozwa na Adèle, binti wa fundi baiskeli, walipanda na kushuka na ndoo kutoka mto Nyamukau. Wavulana walikanyaga udongo wakiimba, na kila aliyeteleza alishangiliwa kama aliyefunga bao. Paluku aliulizwa mara nyingi kama leo ataaga kupitia mlangoni au dirishani. Joséphine alikaa kwenye kigoda, akipasua kamba za migomba na kuwauliza majina ya mama zao, ili ajue ni nani anayempa kamba.

Mchana Eugène alipita na gunia la makaa. Alisimama, akawacheka jinsi walivyofunga fito za juu, akalegeza moja na kuifunga upya. Kisha akabeba gunia lake akaenda. Hakuna aliyemwita.

Baudouin alifika Jumapili baada ya misa. Sanduku la mama yake lilikuwa tayari mlangoni, kwa sababu Joséphine, kwa adabu, alikuwa amelifunga, na dereva alilipakia kwenye lori bila kuuliza. Baudouin alizunguka nyumba. Ukuta ulikuwa mbichi bado, mweusi kwa maji. Aliweka kiganja juu yake, kikarudi kimejaa udongo. Baadhi ya vijana walikuwa pale wakiziba nyufa.

“Nani alibatuma?” aliuliza.

Paluku alisema hakuna. Baudouin alitaja Chama, akataja padri, akataja chef, na kwa kila jina vijana walitikisa kichwa. Mwishowe akamgeukia Kanyere kwa heshima, akauliza kama ni yeye aliyewalipa. Kanyere alimwuliza angewalipa na nini, mikate?

Baudouin hakucheka. Alikuwa mfanyabiashara, alijua kutofautisha kitu cha leo na kitu cha kudumu.

“Ukuta ni ya leo,” alisema. “Mayi ya kesho? Kuni? Akiwa mugonjwa?”

Alasiri moja ya kucheza na udongo ni kitu kimoja. Aliyokuwa akiulizia Baudouin hayakuwa na mwisho. Kanyere alikuwa na majibu tele ya kuwasemea. Aliyameza. Ukuta wenyewe ulitoa sauti ndogo ya kukauka.

“Mayi ya mercredi ni mimi,” alisema Adèle, akitazama chini.

Halafu mwingine akasema Jumatatu. Kuni, alisema Paluku, asipoleta yeye, mama yake ataleta na kumpiga nazo.

Baudouin alipanda lori, akalishusha sanduku kwa mikono yake, akaliingiza ndani. Alimwambia mama yake kwamba atakuja Noeli, na akikuta mtungi umekauka atamchukua siku hiyohiyo bila kuuliza.

“Utaniuliza,” alisema Joséphine.

Akainamisha kichwa. “Nitakuuliza, mama.”

Miaka iliyofuata vijana wale walikandika nyumba nyingine na kusafisha chemchemi ya bonde. Mtu wa Chama alipokuja kutaka jina la kikundi, hawakuwa nalo la kumpa. Kanyere ndiye aliyekuwa akipita milango kuomba, hadi miguu ilipoanza kumsumbua, na watu walisema hakuna aliyejua kupokea neno “hapana” kama yeye.

Lakini Jumatano ile ya kwanza, siku ya zamu ya Adèle, Kanyere alikuwa hajajua kama kuna kitakachodumu. Alikaanga mikate yake sikio likiwa kwa jirani. Saa mbili ilipita, saa tatu ikapita. Jua lilikuwa limepanda aliposikia ndoo ikitua, na mara sauti ya Joséphine ikianza kumgombeza Adèle: msichana gani anateka maji saa hizi, alilala wapi, mama yake alimfundisha nini. Adèle alijibu kwa sauti ya chini, koko, koko, nisamehe. Ugomvi ukaendelea, mrefu, wa kina, kama mtu anavyomgombeza wa kwake.

Kanyere akageuza mikate.